Mtu Aliyetoboa Radiateur Yangu Alikuwa Amekaa Ndani ya Gari

Tundu la kwanza nilisema ni jiwe.

Njia ya Masisi kwenda Walikale ina mawe ya kutosha, na Land Cruiser yangu ilipoteza wavu wa mbele zamani sana. Jiwe likiruka linafika kwenye radiateur, ile rejeta ya kupoza injini, bila kubisha hodi. Sikushangaa hata kidogo.

Tundu la pili ndilo lililonitoa jasho. Lilikuwa dogo, la duara, safi, limekaa vidole viwili juu ya lile la kwanza. Jiwe haliwezi kutoboa hivyo. Ule ulikuwa mkono wa mtu.

Na ndani ya gari tulikuwa wanne tu: mimi, binti yangu, na abiria wawili.

Ndugu zangu, ngoja niwaeleze toka mwanzo. Nimenyamaza muda mrefu kwa sababu kulikuwa na mtu wa kumlinda. Huyo mtu amefariki mwaka jana, kitandani kwake, kwa ugonjwa wa kawaida, kwa hiyo sasa naweza kusema.

Mimi ni dereva, niite Théophile. Nimezaliwa Butembo lakini Masisi imenilea miaka kumi na tisa. Najisifu kwa jambo moja tu hapa duniani: radiateur ikivuja njiani, mimi sikwami. Sabuni, yai, ndizi mbichi, unga wa muhogo, vyote nimeshatia. Siku moja nilitoka Shasha mpaka Masisi centre na radiateur iliyozibwa kwa sabuni na kipande cha kandambili. Madereva wenzangu wananiita Docteur, na si kwa mzaha. Hata kwenye simu zao nimeandikwa hivyo.

Siku hiyo sikuwa na muda wa kuchezea. Binti yangu Kétsia alikuwa anasoma Walikale, anakaa kwa shangazi yake. Alikuja Masisi kumuuguza mama yake, siku zikapita, na sasa Examen d'État, mtihani wa kumaliza sekondari, ilikuwa inaanza kesho yake asubuhi. Ukikosa siku ya kwanza, mwaka mzima umekwenda na maji. Mtoto alikuwa anasoma daftari hata wakati wa kutafuna.

"Papa, tutafika kweli?"

"Na Docteur kwenye usukani? Saa kumi uko kwa shangazi, unakula foufou."

Nilisema hivyo kwa mdomo wangu. Kiburi kibaya.

Abiria wa kwanza alikuwa mama mzee wa Muheto, Koko Euphrasie, Koko maana yake bibi. Alikuwa na kikapu cha mayai, anampelekea binti yake aliyejifungua Walikale. Kétsia alikuwa ameshakaa mbele, pale pazuri, lakini alipomwona mzee anahangaika kupandisha mguu nyuma, akashuka.

"Koko, kaa huku mbele. Miye nitaenda nyuma."

"Mungu akuzidishie, mutoto yangu."

Abiria wa pili alijiita Prince. Alisema ni mwalimu, ametoka Kingi. Mwalimu gani mwenye buti mpya, simu mbili, na begi analolikumbatia muda wote? Nilimsalimu, akajibu neno moja. Nikamwandika kichwani mwangu.

Tulitoka saa moja asubuhi. Hatujaenda mbali, simu ya Koko ikaita. Aliongea Kihunde kwa sauti ya chini, akasikiliza sana, akaongea tena kama anayebembeleza. Halafu akakata, akafunika mdomo kwa kitenge.

"Koko, kuko nini?"

"Hakuna kintu, papa. Ni mutoto ananisalimia."

Tukafika kwenye barrière, kizuizi cha barabarani. Kama kawaida tulishuka wote, tukaonyesha vitambulisho, tukasimama juani mpaka wenye kamba yao waridhike. Tukapanda, tukaendelea.

Dakika ishirini baadaye mshale wa joto ukaanza kupanda.

Nilisimamisha gari. Mvuke ulikuwa unatoka mbele. Nikafungua kapo, yaani boneti, nikaona maji yanatiririka taratibu chini ya radiateur. Wala sikuogopa, hiyo ndiyo kazi yangu. Nilisubiri ipoe, kwa sababu ukifungua bouchon, kile kifuniko cha juu, gari ikiwa na hasira, uso wako unaiva. Nikaweka kitambaa juu ya bouchon, nikazungusha polepole, nikaiacha ipumue. Halafu nikakwangua sabuni ya mche, nikaikanda kwa vidole mpaka ikawa laini, nikaisukuma ndani ya tundu na kuisawazisha. Bouchon sikuikaza mpaka mwisho. Presha ikiwa kidogo, kiraka kinavumilia.

Koko alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Papa chauffeur, turudie tu Masisi. Hii gari iko mugonjwa."

"Koko, mugonjwa iko na docteur yake."

Kétsia alicheka. Koko hakucheka.

Twende. Kilomita chache mbele kuna kijito. Nikasimama kuongeza maji. Kétsia akanisaidia kubeba mabido, yale madumu ya maji, mpaka chini, kwa hiyo kwenye gari walibaki Koko na Prince. Nilipokuwa nachota niliinua macho, nikamwona Prince amesimama mbele ya gari, simu imeelekezwa kwenye plaque ya namba.

Alikuwa anapiga picha.

Watu wa huku wanajua ninachosema. Kabla gari haijavamiwa, wanasema, kuna mtu ndani yake anayetuma habari mbele: rangi ya gari, namba, watu wangapi. Maji yakaanza kunimwagikia miguuni na sikuyasikia.

"Papa, bido imejaa," Kétsia akasema.

"Najua. Panda juu. Usiongee na ule muntu."

"Juu ya nini?"

"Nimesema usiongee naye."

Tuliondoka. Hata robo saa haikupita, mvuke tena. Nikafungua kapo nikitarajia kuona sabuni imetoka. Sabuni ilikuwa palepale, imeshika vizuri kabisa. Juu yake ndiyo nikaona lile tundu la pili nililowaambia, na kando yake mchubuko mpya unaong'aa.



Mtu alikuwa anataka tukwame. Na anataka tukwame wapi? Mbele, msituni, pale anapopataka yeye. Nilimtazama Prince kupitia pembe ya jicho. Alikuwa anaandika kwenye simu, haraka haraka, na mikono inamtetemeka. Nikasema moyoni, huyu anaripoti, ana hamu ya kumaliza kazi.

Ningefanya nini? Kurudi nyuma, kilomita zote zile, na radiateur inayomwaga? Kumshambulia mtu ambaye sijui kwenye begi ana nini, mbele ya mtoto wangu? Nikaamua kwamba dawa ni moja: niponye gari kwa nguvu, nipite msitu kwa kasi kabla hawajajipanga.

"Koko, nipatie yai moja," nikasema. "Ute wa yai ukiingia mu mayi ya moto unaiva, unaenda kuziba tundu. Moja tu."

Akakivuta kikapu kifuani.

"Hapana."

"Nitakulipa."

"Hayauzwi, papa."

Kétsia naye akapiga magoti, jamani, mtoto wa watu. "Koko, tafazali. Kesho niko na examen. Yai moja tu."

"Ata moja."

Mayai thelathini kwenye kikapu, na mzee anatunyima moja! Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Nilimwita mchoyo, nikamuuliza kama anataka kuzikwa nayo. Akainamisha kichwa.

Basi nikatumia ujuzi mwingine. Nikachukua koleo, nikapinda mapezi ya radiateur kuzunguka lile tundu, nikaukata ule mrija mmoja uliotobolewa na kuubana juu na chini, nikaukunja mpaka ukafunga mdomo. Kétsia alikuwa amebeba unga wa muhogo wa shangazi yake. Nikatia konzi mbili kwenye maji. Nikawasha, nikasikiliza, nikagusa chini kwa kiganja. Pakavu.

"Docteur!" Kétsia akapiga kofi.

Prince alinitazama kwa macho makali. Na Koko, gari ilipoanza kutembea, alianza kulia. Machozi kweli, yanadondokea kwenye mayai. Nikasema huyu mzee amerukwa na akili.

Kijiji cha mwisho kabla ya msitu mnene sitakitaja jina. Kina kanisa dogo la mabati, nyumba kumi na kitu, na mama mmoja anayeuza ndizi. Nikasimama kujaza mabido kwa mara ya mwisho. Nilikuwa nimeshapiga hesabu: kutoka pale ni kukanyaga mafuta bila kuangalia nyuma.

Prince akashuka, akaenda hatua kumi hivi, akainua simu kutafuta réseau. Kétsia akaenda kununua ndizi.

Koko akaja mpaka nilipokuwa nimeinama.

"Papa Kétsia."

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo. Alinishika mkono kama anayeniaga, nikasikia kitu cha baridi kwenye kiganja. Nikatazama. Sindano kubwa, ndefu, ile ya kushonea magunia ya maharagwe.

"Njo miye mwenye nilitoboa," akasema. "Zote mbili, ya kule barrière na ya kule kwenye mayi. Usipige kelele. Fanya kama vile niko nakuambia mambo ya bure."

Sikuweza kufanya kama chochote. Nilimkodolea macho tu.

"Mutoto mwenye nilizaa iko kule mbele, na bale batu ba bunduki. Njo yeye alinipigia asubui. Anasema, mama, shuka, leo hakuna gari itapita. Nikamulilia, hii moja tu, muiache ipite. Anasema yeye haiko mukubwa, hawezi."

"Koko... na weye hukushuka?"

"Nishuke, nimuache ule mutoto mwenye alinipatia kiti yake?"

Nyuma yangu nilimsikia Kétsia anacheka na mama wa ndizi.

"Na juu ya nini hukuniambia toka kule?"

Alielekeza kidevu kwa Prince. "Niseme mbele ya nani? Ule kijana sijue iko wa nani. Na weye pia, papa, sikukujua. Bachauffeur bengine banauzisha batu."

"Basi nageuza gari sasa hivi."

"Ukigeuza, batajua kuko mwenye alisema. Batatafuta, batamupata mutoto yangu, batamuua. Gari ife yenyewe. Hapa, kwenye kuko batu."

Ndugu zangu, mimi nimeogopa mara nyingi kwenye njia hizi. Lakini hofu ya siku ile ilikuwa ya aina nyingine, kwa sababu nilielewa kwamba kila nilipoponya gari, nilikuwa nampeleka mtoto wangu karibu zaidi. Sabuni yangu, koleo langu, unga wangu. Yule mzee alikuwa anatuokoa na mimi nilikuwa namshinda, tena kwa majigambo.

Nikalala chini ya gari na kufungua robinet ya radiateur, kile kibomba cha kumwagia maji. Maji yote yakamwagika. Halafu kwa vidole vyangu nikang'oa ile sabuni.

Prince akaja mbio.

"Papa, ni nini tena?"

"Imekufa."

"Imekufa namna gani? Umeiponya mara mbili!"

"Hii ya tatu imenishinda."

Akaniangalia, akaangalia maji, akaangalia msitu. Rangi ilimtoka usoni. Nikasema, sawa, mpango wake umeharibika. Nikawa nasubiri atoe kitu kwenye begi.

Wakati huohuo zikapita mota mbili, pikipiki za abiria, zikielekea msituni. Ya kwanza ilibeba kijana aliyefunga godoro mgongoni. Ya pili ilibeba mama mmoja mwenye ndoo ya kijani mapajani. Yule mama alitupungia mkono, kama watu wanavyofanya wakiona gari imekufa, pole ya njiani.

Nilifungua mdomo. Prince alikuwa hatua mbili kutoka kwangu.

Nikaufunga. Mota zikapotea kwenye kona.

Sijamaliza hata kupumua, nikasikia honi. Fiston! Rafiki yangu, dereva mwenzangu, na Land Cruiser yake imejaa mpaka watu wananing'inia. Nilihesabu vichwa pamoja na chake: kumi na moja, na mtoto mchanga mgongoni mwa mama yake.

"Docteur!" Alikuwa amekufa kwa kicheko. "Leo mugonjwa amekufia mu mikono?"

"Fiston, pumzika kidogo."

"Kupumzika gani? Mvula iko nakuja. Kétsia, si uko na examen kesho? Panda, nitakufikisha kwa shangazi."

Kétsia alikuwa ameshashika begi. Mguu wake mmoja ulikuwa tayari kwenye bampa.

"Shuka," nikasema.

"Papa?"

"Nimesema shuka. Utaenda na miye."

"Na gari gani?" Sauti ilimkatika. "Papa, na gari gani?"

Nilimshika mkono nikamvuta, mbele ya watu wote, msichana wa miaka kumi na minane. Alilitupa daftari chini, akakaa udongoni na kulia. Watu wa kwenye gari la Fiston wakaanza kunisengenya. Prince naye akarusha begi lake juu na kupanda.

Fiston akazunguka nyuma kumfungia mzigo. Injini yake inanguruma. Dakika moja tu na wale watu wote wanaondoka.

Kusema mbele ya Prince sikuthubutu, lakini sindano ya Koko ilikuwa mfukoni mwangu.

"Fiston, ngoja niangalie mayi yako. Naona kama inadondoka."

"Angalia tu, fundi!" akajibu kutoka nyuma.

Nikainama mbele ya gari lake. Nikapitisha sindano kati ya vyuma vya wavu. Mara ya kwanza iligonga pezi na kuteleza. Mara ya pili nikasukuma kwa uzito wa mwili mzima.

Maji ya moto yakaruka moja kwa moja kwenye mkono wangu. Kelele niliyopiga haikuwa ya kuigiza. Alama ninayo mpaka leo, kutoka kidole gumba hadi pale ninapovaa saa.

Fiston akaja akikimbia. "Yesu wangu! Kumbe ni kweli! Ungaliniacha, ningalikwama mu musitu!"

Alinishukuru, mnasikia? Alinikumbatia.

"Basi ponya, Docteur."

"Na mukono huu?" Ngozi ilikuwa imeshaanza kufura. "Siwezi kushika kintu."

"Haina neno, nitaponya mwenyewe. Nani iko na mayai?"

Macho yote yakageukia kikapu.

Koko Euphrasie alisimama. Alikibeba kikapu kwa mikono miwili, akaja kama mtu anayekuja kutoa. Alipofika mbele yetu kikaanguka. Nyinyi mngesema amejikwaa. Pale hapakuwa na jiwe wala shimo. Mayai thelathini ya mzazi, yote, chini, manjano tupu kwenye vumbi.

"Ee, ule mama!" Fiston akashika kichwa. "Uko mulozi?"

Alimtukana, na abiria wake wakasaidia. Koko alisimama akitazama mayai yake, midomo inamchezacheza. Mimi niliyajua yote na sikusema hata neno moja la kumtetea.

Fiston akaanza kuuliza nyumba kwa nyumba nani ana sabuni. Alikuwa ameipata, ameshaanza kuikwangua, tuliposikia.

Milio. Mbali kidogo, ndani ya msitu, upande wa mbele. Mmoja, halafu mingi pamoja, halafu kimya.

Mama wa ndizi akaacha ndizi zake na kukimbia. Milango ikafungwa. Fiston akabaki ameshika sabuni na kisu, ametazama njia. Abiria wake wakashuka mmoja mmoja bila kuambiwa, wakaingia kanisani. Kétsia alikuja akajibanza kwangu, akanishika shati kama alivyokuwa akifanya utotoni. Hakuuliza tena habari za examen.

Tulilala chini kwenye sakafu ya kanisa. Prince alikuwa kando yangu. Nilikuwa bado namwogopa, nikawa naangalia mikono yake. Nikaona amekumbatia begi lilelile. Machozi yanamtoka.

"Papa," akanong'ona, "unisamehe."

Nikajua sasa anakiri.

Akanipa simu yake. Kulikuwa na picha ya plaque yangu. Picha yangu pia, nimeinama kwenye radiateur. Na chini yake ujumbe kwa mke wake, ametuma mara tatu kwa sababu réseau ilikuwa inakataa:

"Nisipofika, ni huyu chauffeur. Anasimamisha gari kila mara, anajifanya gari iko na panne, imeharibika. Nafikiri ametuuza."

Niliusoma mara mbili. Mwalimu wa watu! Buti amenunuliwa na shemeji yake. Kwenye begi mlikuwa na vitabu na dawa ya kifua ya mwanawe. Simu mbili kwa sababu huku mtandao mmoja hautoshi, kama mimi mwenyewe nilivyo na mbili.

Alikuwa amepanda kwa Fiston kunikimbia mimi.

Jioni, dereva wa mota ya kwanza na kijana wa godoro walitokea kwa miguu, wamechanikachanika, bila mota na bila godoro. Waliruka kwenye mteremko wakakimbia. Dereva wa mota ya pili alirudi baada ya siku tisa. Yule mama mwenye ndoo ya kijani hakurudi naye.

Tulirejea Masisi kesho yake kwa miguu na vijilifti. Examen ilianza bila Kétsia. Aliifanya mwaka uliofuata, akafaulu, lakini ule mwaka aliutumia kuuza mikate barabarani na hakupenda hata siku moja. Nilimweleza ukweli siku nyingine kabisa, mlango umefungwa. Baada ya hapo akaenda Muheto kumsalimia Koko, akimpelekea mayai.

Mtoto wa Koko sijui aliishia wapi. Koko naye hakujua, na alikufa akiuliza.

Fiston anasimulia ushuhuda huu kanisani kila akipewa nafasi: namna Mungu alivyotuma jiwe kutoboa radiateur yake. Fiston ndugu yangu, kama utasoma hapa, lile jiwe ni mimi. Njoo nyumbani tuongee. Na umwombee Koko Euphrasie, uliyemwita mlozi.

Wachache niliowaambia wananipa pongezi. Wanasema tuliokoa watu kumi na sita. Mimi pia nimehesabu, ni kumi na sita kweli.

Lakini nina hesabu nyingine inayoninyima usingizi. Koko alinyamaza kwa sababu alimwogopa Prince na mimi. Prince alinyamaza kwa sababu aliniogopa. Mimi nilinyamaza kwa sababu nilimwogopa Prince. Watu watatu wazima, kila mmoja akimlinda mtoto wake dhidi ya wenzake, na hakuna mwenye ubaya kati yetu. Kama mmoja angefungua mdomo, wote tungefungua.

Kwa hiyo nawaomba, mnaosafiri njia hizi. Kabla hujamhesabu jirani yako kuwa ndiye adui, muulize jina la mtoto wake. Muulize anaenda kwa nani. Ongea naye hata kama sauti inakutetemeka.

Nimeulizia yule mama masoko yote, Masisi na Walikale. Naeleza kitenge alichovaa, naeleza ndoo ya kijani, naeleza alivyotupungia mkono. Mpaka leo hakuna aliyeniambia amemwona.

Gari ya Fiston niliweza kuisimamisha kwa sindano. Mota haina radiateur. Kwa yule mama nilihitaji kupiga kelele tu, na sikupiga.